Jiko la Makaa Si la Kulala Nalo

Mto Tana unapofurika, kama wakati wa mvua za El Niño za 1997, sisi wa Garsen hulazimika kupikia ndani. Utasikia watu wakisema, "Moshi umekwisha, hakuna neno." Sivyo! Hata makaa mekundu hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo huizuia damu kubeba oksijeni. Mtu akalala asiamke.

Basi liwashie nje, ukilileta ndani fungua mlango na madirisha, na ukimaliza kupika litoe. Usilale nalo eti lifukuze mbu. Ili kuokoa makaa, tumia jiko lenye udongo ndani, maana hutunza joto, na ufunike sufuria. Kichwa kikiuma au ukisikia kizunguzungu, toka nje upesi.

Tahadhari kabla ya hatari.