Tairi la Majira Yote: Majira ya Nani?

Mfasiri anayekabidhiwa mwongozo wa kuchagua matairi ya gari la umeme, ulioandikwa Ujerumani, hukutana mapema na istilahi inayoonekana nyepesi: tairi la majira yote. Hakuna neno geni ndani yake, na sarufi yake haina ila. Hata hivyo istilahi hii ina hila, na makala haya yanakusudia kuionyesha, kwani msomaji atakayepotoshwa nayo hapotezi fedha tu. Huenda akashindwa kulisimamisha gari lake.

Kwa msemaji wa Kiswahili majira ni masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Majira hayo hutofautiana kwa mvua na pepo zaidi ya kutofautiana kwa joto. Asomapo "majira yote" ataelewa kuwa ni tairi la mvua na jua, na kwa maana hiyo karibu kila tairi zima linalouzwa Mombasa au Dodoma ni la majira yote. Mwandishi wa Ujerumani hakukusudia hivyo. Yeye anatenganisha joto na theluji. Mpira wa tairi la joto huanza kukakamaa halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Mpira wa tairi la theluji hubaki laini katika baridi hiyo, na uso wake una mikato myembamba mingi inayoshika theluji. Tairi tunalolijadili lipo kati ya hayo mawili: halilifikii la kwanza katika lami yenye moto, wala la pili katika theluji nzito.

Huko Ujerumani jambo hili lina sheria yake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, gari linaloendeshwa penye theluji, barafu au sakitu sharti liwe na matairi yenye mchoro wa mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Zile herufi M+S, yaani matope na theluji, hazitoshi tena zikiwa peke yake. Herufi hizo ni tamko la mtengenezaji tu, lakini mchoro wa mlima hutolewa baada ya tairi kujaribiwa katika theluji. Mfasiri akiziita zote mbili "alama ya theluji" atakuwa ameifuta tofauti ambayo sheria inaitegemea.

Je, tuliiteje tairi hili? "Tairi la kipupwe na kiangazi" halifai, kwa kuwa kipupwe chetu hakina theluji. "Tairi mseto" linapendeza sikioni, na lingefaa kama gari mseto lisingekuwa tayari ni lile linalotumia petroli na umeme. Katika mwongozo wa gari la umeme msomaji atachanganyikiwa mara moja. Mwandishi wa makala haya anapendekeza "tairi la joto na theluji". Ni refu, lakini linasema linachokifanya.

Tatizo la pili ni neno "mzigo". Kila tairi lina namba inayoonyesha uzito ambao linaweza kuubeba: 94 ni kilo 670, 98 ni kilo 750, na 101 ni kilo 825. Betri hulifanya gari la umeme liwe zito kuliko gari la petroli la kiasi hicho hicho, na ndiyo sababu matairi yenye herufi HL yalibuniwa. Tairi la kipimo cha 245/40 R19 huweza kupatikana kwa namba zote tatu hizo. Namba hii ikiitwa "namba ya mzigo", msomaji atafikiria mabegi na magunia, na kama hana kitu cha kupakia ataona namba ndogo inamtosha. Afadhali iitwe "namba ya uzito", na ielezwe kuwa uzito wa gari lenyewe umo. Namba ya tairi jipya isiwe chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari.

Kuhusu ukinzani wa kubiringika, ambao hupunguza masafa ya betri, istilahi inatosha, mradi mfasiri aandike daima "wa kubiringika", kwa maana ukinzani wa umeme nao umo katika kitabu hicho hicho.

Yafaa kuongeza jambo moja kwa watumishi wa serikali. Magari yaliyotumika Japani huweza kufika kwetu yakiwa na matairi ya theluji. Katika lami ya Dar es Salaam mpira huo laini huisha upesi na kurefusha umbali wa kusimama. Afisa wa ununuzi wa Arusha akiandika katika zabuni "matairi ya majira yote" kwa kufuata mwongozo wa Ulaya, atalipia theluji ambayo ipo kileleni Kilimanjaro tu, ambako magari hayapandi. Aandike "matairi ya joto", kisha ataje kipimo, namba ya uzito na daraja la kushika barabara yenye maji.