Kasiye na Kreti: Majina ya Bia Mpakani Bunagana

Kasiye na kreti ni kitu kimoja: sanduku la plastiki lenye vyumba vya chupa. Bunagana, mji mdogo wa Rutshuru ambako Kivu Kaskazini inapakana na wilaya ya Kisoro nchini Uganda, maneno hayo mawili yanatenganishwa na kizuizi cha forodha tu. Upande wa Uganda mwenye baa anaagiza kreti za Nile au Bell. Upande wa Kongo anaagiza kasiye za Primus, na kabla ya bei anaulizwa kama ana vidanje, yaani chupa tupu za kurudisha. Watu wa pande zote mbili wana jamaa ng'ambo, wanaelewana kwa Kinyarwanda, Kifumbira na Kiswahili, na wanauziana viazi na maharage bila mkalimani. Kwa nini basi lugha ya bia igawanyike mahali ambapo lugha ya viazi haigawanyiki? Jibu la haraka ni ukoloni: huku Kifaransa, kule Kiingereza. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Maneno mangapi ya wakoloni yamepotea, na haya ya bia yakabaki? Yamebaki kwa sababu majina ya bia, ya vyombo vyake na ya vipimo vyake hufuata njia ya chombo. Neno hufika pale chupa inapofika, na hudumu pale chupa inapolazimika kurudi.

Tuanze na vidanje, maana hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Chupa kubwa ya Primus hubeba sentilita 72, na kasiye moja hubeba chupa 12. Kiwanda huuza bia, hakiuzi kioo. Anayechukua kasiye depo bila kuleta kasiye tupu hulipia dhamana ya chupa na ya sanduku, na dhamana hiyo kwa muuzaji mdogo si fedha ya mchezo. Kwa hiyo chupa inatoka kiwandani kwenda depo, kutoka depo kwenda kabare, yaani baa ndogo, kutoka kabare kwenda mezani, kisha inarudi njia ileile, na kila mkono unaoipokea unataja maneno yaleyale: kasiye, vidanje, depo. Sasa chupa ya Nile ya nusu lita ikivuka mpaka ikanywewa Rutshuru, inageuka kioo kitupu. Depo ya Primus haiitaki, na kuirudisha Uganda kwa ajili ya dhamana yake kunagharimu usumbufu mkubwa kuliko thamani yake. Kreti ya Uganda nayo, kwa desturi ya Afrika Mashariki, ni ya chupa 25, tena chupa ndogo kuliko zile za sentilita 72. Anayechanganya kasiye na kreti hachanganyi lahaja tu, anachanganya hesabu. Ndiyo maana katika orodha ya mahari kwa familia nyingi za Kongo kasiye za bia na za sukre, yaani soda, huandikwa kwa idadi, na hakuna mshenga anayekubali neno hilo lifasiriwe kiholela.

Mtu anaweza kusema kwamba hadi hapa bado ni Kifaransa na Kiingereza tu, ila nimevizungushia chupa. Tuipime hoja hiyo Rwanda. Kampuni ya Bralima ilianzishwa Kinshasa mwaka 1923, wakati mji huo ukiitwa Léopoldville. Mwaka 1957 ikazaa Bralirwa mjini Gisenyi, mji ambao umeshikana na Goma kiasi kwamba mgeni anaweza asijue mmoja unaishia wapi. Heineken ikaingia Bralirwa mwaka 1971. Primus ikawa jina la bia ya Kongo na la bia ya Rwanda, zikitoka kampuni mbili tofauti. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza, na Kifaransa kikapungua ofisini na madukani. Kama neno lingekuwa linategemea lugha ya serikali, hapo ndipo kreti ingepata nafasi. Haikupata. Mnyarwanda bado anasema ikaziye, neno lilelile la Goma likiwa limevaa nguo ya Kinyarwanda, kwa sababu sanduku lenyewe bado linatoka Gisenyi na bado linarudi Gisenyi. Wizara inaweza kubadili kitabu cha darasa la nne kwa waraka mmoja. Kubadili neno linaloshikilia dhamana ya chupa kunahitaji kubadili chupa.

Ushahidi wa upande wa pili uko kwenye pombe zisizo na chupa. Pombe ya ndizi ni moja kwa namna inavyotengenezwa: ndizi zilizoiva zinakamuliwa, maji ya ndizi yanachanganywa na mtama uliokaangwa, vinachacha. Lakini hesabu majina yake kutoka Kivu hadi Ziwa Victoria: kasiksi kwa Wakivu, urwagwa kwa Wanyarwanda na Wafumbira, tonto kwa Waganda, rubisi kwa Wahaya wa Kagera. Pombe za nafaka nazo ni hivyohivyo: mandale Goma, ikigage Rwanda, omuramba kwa Wakiga, malwa inayonywewa kwa mirija Uganda, komoni Tanzania. Wingi huu mara nyingi husifiwa kama utajiri wa mila, na ni kweli, ila una sababu ya kawaida kabisa. Pombe hii hukaa siku chache tu kisha inakuwa kali isiyonyweka. Haiwezi kusafiri mbali, na jina lake halina gari la kupanda. Hubebwa kwenye bidoni la njano la lita ishirini, chombo ambacho jana kilibeba mafuta ya kupikia na kesho kitabeba maji, kwa hiyo chombo hakiipi jina lolote. Bia ya kiwandani hukaa miezi, na majina yake husafiri kwa umbali uleule.

Hapa unakuja ubishi mzito zaidi. Wengi huamini lugha ya pombe ni lugha ya kujificha: walevi, wauzaji haramu na vijana hutunga maneno ili polisi, wazazi na wachungaji wasielewe. Gongo ya Tanzania imeitwa supu ya mawe na machozi ya simba, na haya bila shaka ni mafumbo. Siupuuzi ubishi huu, ila naona unaeleza kuzaliwa kwa maneno kuliko kuishi kwake. Mafumbo huzaliwa mengi na hufa mapema, kwani polisi naye ana masikio. Yanayodumu ni yale yanayopima. Kenya muuzaji wa chang'aa anaitwa mama pima, na jina hilo linataja kazi yake halisi kuliko kuificha. Chupa ya pombe kali ni mzinga, ndogo yake nusu, ndogo zaidi robo, na pombe ya bei rahisi ikaitwa kumi kumi kwa bei yake. Uganda, sheria ya mwaka 1965 iliyowataka watengenezaji wa enguli, gongo ya huko, wapate leseni na kuuza kwa kiwanda ndiyo iliyofungua njia ya Waragi ya chupa, na neno waragi likavuka mipaka ambayo enguli halikuvuka. Kisha zikaja pakiti. Tanzania ziliitwa viroba, Uganda zilijaa maduka ya vijijini, na polisi wa Rwanda walizoea kutangaza kukamatwa kwa kanyanga, gongo ya Rwanda, pamoja na Chief Waragi na Blue Sky zilizoingizwa kutoka Uganda kimagendo. Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, Uganda ikafuata mwaka 2019. Leo kiroba cha Tanzania kimerudi kubeba unga. Pombe kali haikwisha, wanywaji hawakwisha, hata haja ya kujificha haikwisha. Kilichoondoka ni pakiti, na neno likaondoka nayo.

Lazima nikiri kwamba hoja hii inalegea tukifika kwenye majina ya mahali. Nganda, yaani baa, ni neno la Kilingala la Kinshasa, nalo limefika mashariki likiwa na askari, watumishi wa serikali na muziki, hata pale ambapo bia iliyokuwa mezani ilitoka Bukavu. Kafunda, baa ndogo ya Uganda, imeitwa kwa wembamba wa chumba chake. Tanzania tofauti kati ya baa, grosari na kilabu cha pombe za kienyeji inafuata leseni, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilitenganisha leseni hizo kwa aina. Kwa hiyo mahali hupata jina kwa ruhusa na kwa watu, si kwa chombo. Hili halinisumbui sana: jengo halirudishwi depo.

Bunagana yenyewe imekuwa kipimo cha mambo haya kwa namna ambayo hakuna mwenyeji angeiomba. Waasi wa M23 waliushika mji huo mwaka 2012, jeshi la Kongo likaurudisha Oktoba 2013, na M23 wakauchukua tena tarehe 13 Juni 2022. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari Bukavu, na Juni mwaka huohuo Heineken, iliyokuwa pia na Bralima, ikatangaza kwamba imepoteza udhibiti wa vituo vyake katika miji hiyo miwili. Kiwanda kisipopokea chupa, vidanje inapoteza maana yake ya fedha: mwenye kasiye arobaini tupu hana tena akiba, ana mzigo wa kioo na plastiki uliojaza stoo. Nafasi hiyo ikijazwa na chupa za Uganda, kreti itapanda kuelekea Rutshuru pamoja na hesabu yake ya 25. Ikijazwa na bia ya Gisenyi, kasiye itabaki na masharti mapya ya dhamana. Ikijazwa na bia ya mkebe, ambayo Goma huitwa kanete na Dar es Salaam huitwa kopo, hakuna cha kurudisha, na mnunuzi anaweza kutumia neno lolote alitakalo.