Nguvu ya Hewa katika Ncha ya Nozeli

Mito mingi itiririkayo kutoka milima ya Uluguru humwaga maji yake katika Mto Ruvu, na kwa Ruvu wakazi wa Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yao. Kifaa cha kielektroniki cha kupimia mvua au kina cha mto huko milimani kina kazi kubwa. Lakini ndani ya kifaa cha namna hiyo mna bodi ya saketi yenye vijenzi vidogo sana. Kijenzi kimoja kikikosekana, au kikikaa upande, kifaa chote huwa bubu.

Zamani vijenzi vilikuwa na miguu ya waya iliyopenyezwa katika matundu ya bodi. Tangu miaka ya 1980 umeenea utaratibu mwingine, ambamo vijenzi hubandikwa juu ya uso wa bodi na kushikwa kwa risasi ya kuchomelea. Rizista moja ya kawaida ya namna hii ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8, na tungamo lake ni karibu miligramu 2. Fundi mmoja aweza kuipachika kwa kibano, lakini kiwandani kazi hiyo hufanywa na mashine yenye mrija mfupi wa ncha nyembamba, uitwao nozeli.

Je, nozeli huvuta?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba anywaye dafu kwa mrija huyavuta maji. Sivyo. Mnywaji hupunguza hewa mdomoni, na hewa ya nje huyasukuma maji juu. Nozeli nayo hufanya vivyo hivyo: pampu huondoa hewa ndani yake, na hewa iliyo chini ya kijenzi hukishindilia kwenye ncha. Kani ipatikanayo ni tofauti ya kanieneo ikizidishwa kwa eneo la tundu.

Mjini Morogoro, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 95. Tuseme pampu huondoa nusu yake. Nozeli yenye tundu la kipenyo cha milimita 0.4 itatoa kani ya nyutoni 0.006 hivi. Kani hiyo ni kiasi cha mara 300 ya uzito wa rizista iliyotajwa. Kwa hiyo, kwa vijenzi vidogo, shida si nguvu. Shida ni ukubwa wa ncha: ikiwa pana kuliko kijenzi, hewa hupenya pembeni, na ncha hugusa vijenzi jirani au kuchovya katika risasi laini iliyopakwa juu ya bodi.

Kijenzi kizito

Kijenzi kikubwa chenye tungamo la gramu 5.5 kina habari nyingine. Uzito wake ni nyutoni 0.054. Lakini mashine haisimami. Hukimbia kwa ubavu, tuseme kwa mchapuko wa mita 20 kwa sekunde kila sekunde. Ili kijenzi kisiteleze, msuguano hauna budi kufikia nyutoni 0.11. Ikiwa msuguano ni 0.3 ya kani inayokikandamiza kijenzi kwenye ncha, basi mkandamizo uwe nyutoni 0.37. Tukiongeza uzito wenyewe, nozeli lazima itoe nyutoni 0.42.

Nozeli ya milimita 3.5 hutoa nyutoni 0.49 Dar es Salaam na 0.46 Morogoro, inatosha. Lakini kwenye kilele cha Lupanga, mita 2,138, ambako kanieneo hushuka hadi karibu kilopaskali 78, pampu ile ile hutoa nyutoni 0.38 tu, na kijenzi huteleza. Jambo hili si la kileleni tu. Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nozeli hiyo ingetoa nyutoni 0.39 hivi, nayo isingetosha. Dawa yake ni kupunguza mwendo wa mashine, au kuchagua nozeli ya milimita 4. Kani huongezeka kwa mraba wa kipenyo, hivyo nozeli hiyo ingetoa nyutoni 0.49 hata kileleni.

Kanuni za kuchagua

Kwanza, tundu liwe pana kadiri uso bapa wa kijenzi unavyoruhusu, lakini ncha isizidi kijenzi. Pili, ncha iguse karibu na kitovu cha uzito, kijenzi kisije kikainama. Tatu, umbo la ncha lifuate umbo la kijenzi: chenye umbo la mcheduara huhitaji ncha yenye mfuo, na taa ndogo yenye kuba huhitaji ncha iliyobonyea. Ncha ya mpira huziba vizuri juu ya uso usio sawa, ila huchakaa upesi kuliko ya chuma au ya kauri. Nne, nozeli isafishwe mara kwa mara, maana chembe za risasi zikiziba tundu, hata hesabu iliyo sahihi haisaidii kitu.

Mwaka 1648 huko Ufaransa, Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme na neli ya zebaki kwa ombi la shemeji yake, Blaise Pascal, akaona zebaki ikishuka kadiri alivyopanda. Shule ya Morogoro yenye barometa yaweza kulirudia jaribio hilo kwenye miteremko ya Uluguru. Wanafunzi wachukue usomaji wa barometa mjini, kisha kila wapandapo mita 200, na kwa kila kituo wakokotoe kani ya nozeli ya milimita 3.5. Watatambua wenyewe ni mahali gani mlimani kijenzi kingeanza kuteleza.