Mji uliobanwa kati ya ziwa na michikichi

Anayesomea elimu ya miji huanza kwa kuchora miduara. Mwaka 1925 Robert Park na Ernest Burgess wa Chicago waliuchora mji kama miduara inayozungukana: katikati biashara, ikifuatiwa na viwanda na vyumba vya wahamiaji maskini, na mwishoni kabisa nyumba za wenye nafasi. Mwaka 1939 Homer Hoyt akaikata miduara hiyo vipande, akionyesha kwamba makazi hufuata barabara na reli. Wote walikubaliana kwamba bei ya kiwanja ndiyo inayoamua nani akae wapi. Sasa chukua kalamu uchore Rumonge, mji wa Burundi.

Duara halitoki. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki vilima vinapanda ghafla, na katikati umebaki ukanda mwembamba wa tambarare ya Imbo. Barabara ya taifa namba 3, itokayo Bujumbura, zaidi ya kilomita 70 kaskazini, na kuendelea hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania, imepita humo humo, na mji umejipanga kandokando yake. Ukitoka ziwani unakutana kwanza na mwalo na maboti, halafu soko na nyumba zilizobanana, halafu lami na ofisi, na baada ya hapo michikichi.

Kila tabaka lina historia yake. Biashara ya mwaloni ilikuja na wafanyabiashara wa Ujiji katika karne ya 19, na mpaka leo Rumonge ina mtaa unaoitwa Swahili, ndugu wa Buyenzi ya Bujumbura kwa lugha na misikiti. Ofisi zilipata nguvu mwaka 2015, Rumonge ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya. Miaka kumi baadaye mikoa 18 ya Burundi ikapunguzwa kuwa mitano, na Rumonge ikarudi kuwa komini ndani ya mkoa wa Burunga. Mji uliopandishwa cheo kwa sheria unaweza kushushwa kwa sheria, lakini waliojenga nyumba za kupangisha watumishi wa serikali hawawezi kuzikunja wakaondoka nazo.

Tabaka la michikichi ndilo zito kuliko yote, na hapo ndipo wataalamu wa Chicago wanapotuacha. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Jeshi la utawala wa Michel Micombero likajibu kwa mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima. Familia nyingi za pwani hii zilivuka kwenda Tanzania, zikaishia kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao mengi yaligawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika mipango ya serikali ya kilimo cha mawese. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1986, iliyompa haki ya umiliki mtu aliyeikalia ardhi miaka 30 bila kupingwa. Hesabu mwenyewe: 1972 na 30 ni 2002, wakati ule ule wakimbizi walipokuwa wanaanza kurudi baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000.

Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Mwanzoni iliwapatanisha watu kwa kuligawa shamba kati ya aliyerudi na aliyelikuta. Kuanzia 2011 msimamo ukawa kumrudishia mwenye asili shamba lote. Sina shaka kwamba kila upande ulikuwa na hoja: mmoja alifukuzwa kwa mtutu, mwingine pengine alinunua kwa pesa halali miaka ishirini baadaye. Ila kwa mji matokeo yalikuwa yale yale. Shamba linaloweza kubadilisha mmiliki kwa uamuzi wa tume au mahakama halikatwi viwanja wala halichorewi barabara. Mji ukakosa pa kupanukia upande wa nchi kavu hata pale ambapo ardhi ipo na inaonekana kwa macho.

Mgeni asiye na shamba, awe mvuvi, mchuuzi wa ndagala, au Mkongomani aliyevuka kutoka Fizi au Uvira wakati wa vita, hupanga au hujenga anapoweza kupata nafasi. Mara nyingi ni chini, karibu na maji. Sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka ziwani ziachwe wazi, lakini ukingo wa ziwa ndio uliokuwa na nafasi.

Ziwa hili lina tabia ya pekee. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na sehemu kubwa huondoka kwa mvuke. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, kina hupanda mwaka juu ya mwaka. Katika karne ya 19 Lukuga ilizibwa na tope na majani. Ziwa likajaa mpaka likapasua njia mwaka 1878, kisha likashuka sana. Kilichotokea kati ya 2020 na 2024 kilikuwa kidogo kuliko hapo, lakini kilitosha kuzamisha nyumba na bandari ya Rumonge.

Tofauti na Bujumbura inafundisha. Kule, katika mtaa wa Kibenga, maji yaliingia pia kwenye nyumba za kifahari na hoteli, kwa sababu wenye pesa walikuwa wamenunua mandhari ya ziwa. Maji hayakuchagua. Waliochagua ni wakazi baada ya maji kuingia: mwenye villa anakwenda kukaa kwenye nyumba yake nyingine, mpangaji wa Rumonge anasogea mita chache tu, kwa sababu riziki yake iko mwaloni. Na mwalo wenyewe una vipindi vya kufungwa, kama ilivyokuwa mwaka 2024, nchi nne za ziwa zilipokubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kodi ya nyumba haikusimamishwa.

Ukingoni hapo huwezi kuchimba choo kirefu. Maji yako karibu na uso wa mchanga. Ziwa likipanda, choo kifupi hufurika. Bomba la REGIDESO, shirika la maji, likikauka, watu huteka ziwani. Kipindupindu kinachorudi mara kwa mara kwenye pwani hii hakihitaji maelezo zaidi ya hayo, na kampeni ya kunawa mikono, japo ni njema, haiwezi kuinua mchanga ule hata sentimita moja.

Kwa hiyo, kila ofisa anaposema watu wahame mita 150, swali la kwanza ni wahamie shamba la nani. Sheria ya ardhi ya 2011 iliruhusu komini kupima ardhi na kutoa vyeti kwenye ngazi ya chini. Ningeanzia kwenye michikichi ile inayopakana na mji: kupima, kumaliza mashauri shamba kwa shamba, kumlipa anayestahili, na baada ya hapo kukata viwanja vidogo ambavyo mvuvi anaweza kuvimudu na bado akafika ziwani kwa baiskeli kabla ya taa za uvuvi kuwashwa. Kazi hiyo ni ya miaka, na itagharimu zaidi ya mahema yanayogawiwa kila mafuriko yanapokuja.