Kutafuta Mahali Protini Inaposhika DNA: Gharama Iko Wapi?

Dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ndiyo bei iliyotangazwa Marekani mwezi Desemba 2023, tiba ya Casgevy ilipoidhinishwa kutibu selimundu. Wataalamu huchukua seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, huikata DNA yake mahali maalumu, kisha humrudishia seli hizo. Mahali hapo ni herufi chache tu, ambazo protini iitwayo GATA1 huzishika ili kuiwasha jeni ya BCL11A katika seli zinazozalisha chembe nyekundu. Pakishakatwa, GATA1 haina pa kushika, BCL11A hufifia, na mwili huanza tena kutengeneza himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo haina kasoro ya selimundu.

Mahali kama hapo hupatikanaje kati ya herufi bilioni 3.1 za jenomu ya binadamu?

Kuzisoma ni kazi nyepesi kwa kompyuta. Herufi za DNA ni nne tu, A, C, G na T, kwa hiyo kila moja huhitaji biti mbili, na jenomu nzima huenea katika megabaiti 775 hivi. Programu hubeba jedwali la protini husika, linaloipa kila herufi alama yake katika kila nafasi, hulipitisha juu ya DNA herufi kwa herufi, na kujumlisha. Jedwali la nafasi 10, kwa nyuzi zote mbili, hudai majumlisho bilioni 62. Kompyuta mpakato huyamaliza kwa dakika chache. Majedwali yenyewe hutolewa bure na hazina ya JASPAR tangu 2004.

Gharama huanza majibu yanapotoka. GATA1 hutafuta A au T, kisha GATA, kisha A au G. Kwa bahati tu, mpangilio huo hujitokeza mara moja katika kila herufi 1,024. Gawanya bilioni 3.1 kwa idadi hiyo: karibu milioni 3 kwa uzi mmoja, milioni 6 kwa nyuzi mbili. Ndani ya seli hai, GATA1 hushika chini ya asilimia 1 ya sehemu hizo. Nyingi zimefungwa ndani ya DNA iliyoviringwa kwenye protini ziitwazo histoni. Mwaka 2004 Wyeth Wasserman na Albin Sandelin walieleza wazi kwamba karibu sehemu zote zinazotabiriwa kwa njia hii hazina kazi. Kila mwanafunzi afundishwe hilo kabla hajaifungua programu.

Ukweli hupatikana maabara, kwa ChIP-seq, jaribio linaloonyesha mahali protini iliposhika DNA ndani ya seli, lililoanza kutumika 2007. Binadamu ana protini zipatazo 1,600 zinazoshika DNA kama GATA1. Tukikadiria aina 400 tu za seli, hayo ni majaribio 640,000. Yakirudiwa mara mbili, 1,280,000. Hakuna mfuko wa kuyalipia yote. Ndiyo maana programu ya DeepBind ya Toronto, mwaka 2015, na programu zilizoifuata hujifunza kutokana na majaribio yaliyokwisha kufanywa ili kupunguza makisio. Lakini seli ambayo haijapimwa maabara hubaki kukisiwa.

Kwa vyuo vya Afrika Mashariki, ambako selimundu huwapata watoto wengi, hesabu iko wazi. Programu ni za bure. Fedha za utafiti ziende kwenye vitendanishi, majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na mishahara ya mafundi wa maabara.