Walinzi Waliofungiwa Ndani: Saratani na Vidonge vya Madukani



Katika nyumba zetu nyingi za ugenini haikosekani chupa ya vidonge vya vitamini. Mzee akiambiwa kuwa ana saratani, nasi hukimbilia kumnunulia chupa nyingine, au kuitia katika mzigo uendao nyumbani, tukiamini kwamba vidonge husafisha mwili. Nia yetu ni njema. Je, elimu yasemaje?

Karibu kila chembe ya mwili hutumia oksijeni ili kupata nguvu, na katika kazi hiyo huzaliwa mabaki makali yawezayo kuziharibu jeni, yaani maandishi ya urithi wetu. Dhidi ya mabaki hayo mwili una walinzi wake, nao ni vimeng'enya. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, wataalamu wa Marekani, walieleza kazi ya kimoja kiitwacho superoksidi dismutase. Hicho huyapunguza makali ya mabaki, kisha kingine, katalasi, humalizia kwa kuyageuza kuwa maji na oksijeni. Kiitwacho GSTP1 nacho hunasa sumu kabla haijazifikia jeni.

Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha jambo la ajabu. Katika saratani ya tezi dume, jeni itengenezayo GSTP1 hunyamaza. Haikuvunjika, bali imepachikwa alama ndogo za kikemia ziitwazo methili, mfano wa kitabu kizima kilichotiwa kufuli: maandishi yote yamo, ila hayasomeki. Elimu ya makufuli hayo ndiyo epijenetiki.

Kufuli laweza kufunguliwa. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha azasitidini, dawa iondoayo alama hizo, kwa maradhi fulani ya uboho wa mifupa. Kwa tezi dume, njia hiyo ingali ikitafitiwa.

Vidonge vya madukani havikuthibitika kufungua kufuli hilo, na vyaweza kudhuru. Huko Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walichunguzwa. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Mwaka 2011, katika uchunguzi wa wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani na Kanada, waliomeza vitamini E pekee, yuniti 400 kila siku, walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Sababu zake zingali zikichunguzwa. Lakini yajulikana kwamba chembe ya saratani nayo huumizwa na mabaki yale makali, na tiba ya mionzi huyatumia mabaki hayo hayo kuiua. Amezaye vidonge kwa wingi wakati wa tiba huenda akawa anamkinga adui.

Basi tusiwanyime wagonjwa wetu matunda na mboga, kwani hicho ni chakula. Ama chupa ya vidonge, tuichukue mkononi siku ya kwenda hospitali, tumwonyeshe daktari, na tumwulize kabla mzee hajameza hata kimoja.