Vinara wa udadisi: rekodi za ndege kutoka Beni hadi Mombasa

Watu wa Beni na Butembo wanaishi jirani na Virunga, hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote Afrika, iliyoanzishwa 1925. Ina zaidi ya aina 700 za ndege. Udadisi wa viumbe hao hupimika, na hawa ndio wanaoongoza.

Jaribio maarufu zaidi. Uholanzi, miaka ya 1990, watafiti waliwaachia mmoja mmoja ndege wadogo waitwao Parus major katika chumba chenye miti mitano ya bandia, wakahesabu miruko yao kwa dakika mbili kama kipimo cha udadisi. Wengine walizunguka upesi, wengine walijibana pembeni.

Mhamiaji jasiri zaidi. Shomoro wa majumbani aliingia Mombasa 1950 hivi, akasambaa Kenya. Mwaka 2012 watafiti Andrea Liebl na Lynn Martin walionyesha kwamba shomoro wa kwenye mpaka wa uenezi huo ndio wanaochunguza zaidi. Anayetangulia ugenini hana budi kujaribu mapya.

Kiongozi bora wa binadamu. Ndege aitwaye mlembe humwita mrina asali na kumpeleka mzingani. Utafiti wa 1989 kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya ulionyesha kuwa bila mlembe mzinga ulipatikana kwa wastani wa saa 8.9, na kwa msaada wake kwa saa 3.2.

Mwanafunzi hodari zaidi. Kasuku wa kijivu, ambaye makao yake ni misitu ya Kongo. Mmoja wao, Alex, aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg tangu 1977, alitaja rangi saba na kuhesabu hadi sita. Biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 2016.

Aliyewakwepa wachunguzi muda mrefu zaidi. Tausi wa Kongo. Mtafiti James Chapin alipata unyoya wake Ituri 1913. Ndege mwenyewe alitambuliwa 1936 tu.

Vijana wetu nao wanaweza kupima udadisi wa ndege. Weka chakula kando ya kitu kigeni, tazama saa, andika muda ambao kila ndege anakawia kabla ya kula. Linganisha ndege wa katikati ya Butembo na wale wa ukingoni mwa msitu wa Beni. Miti inapokatwa, takwimu hizo zitatusaidia kujua ni nani anayezoea mazingira mapya na nani anayehitaji kulindwa kwanza.